Sanduku la Ijumaa

Siku niliyostaafu, vijana wa maabara waliniandalia soda na keki, kisha mmoja wao akaniomba niandike kumbukumbu za kazi ili zisipotee. Nilimuuliza zinatakiwa na nani, zitawekwa wapi, na ufunguo wa hilo kabati atakaa nao nani. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Nimekubali kuandika, lakini nakala ya kwanza inabaki kwangu. Hii mnayosoma ni ya pili.

Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika juu ya kutoboa watu vidole, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu mwaka mmoja kabla ya Uhuru mpaka nywele zilipokwisha rangi.

Mimi ni mtu wa upande wa Butiama. Nikisema hivyo mahali popote nchini, naulizwa kama nilimfahamu mtu mmoja mkubwa. Sikumfahamu. Yeye alikuwa na shughuli zake na mimi nilikuwa na mbuzi wa baba. Ninachokikumbuka zaidi ni mama akitusukuma nyuma ya ghala la mtama kila ukisikika mlio wa gari la serikali. Gari wakati wa Mwingereza lilileta mtoza kodi, au watu wa kuhamisha watu, au watu wa damu. Mama aliwaogopa watu wa damu kuliko wote. Mtoza kodi, alisema, angalau unajua anataka nini.

Kwa hiyo nilipopata kazi katika ofisi ya malale mjini Musoma, hakuna aliyepiga vigelegele nyumbani. Mama aliacha kupepeta, akaniuliza, "Umekuwa mumiani?"

Mumiani, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ni mtu anayesemekana kuwanyonya watu damu na kuwauzia Wazungu. Nikamwambia mama hii ni kazi ya kupima tu: tunatafuta vijidudu vya malale kwenye damu, tukivipata mtu anapewa dawa.

"Na wao walisemaga hivyohivyo," akajibu, akaendelea kupepeta.

Nilipanga chumba Kitaji, na Jumatatu asubuhi nikakabidhiwa kwa Mzee Magesa. Alikuwa mtu wa Suguti, mhudumu mkuu wa maabara, na kidole gumba chake kilikuwa cha zambarau kwa rangi ya kutia kwenye damu. Hata kanisani alikwenda nacho hivyo. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mtu. Niliosha vioo tu. Slaidi, yaani vile vioo vya kupakia damu, zilikuwa adimu, kwa hiyo zile zisizohitajika zilioshwa kwa sabuni, zikasuuzwa, zikapanguswa kwa kitambaa laini, na Mzee Magesa alizinyanyua dirishani moja moja kutafuta alama ya kidole changu. Akiiona, narudia zote.

Wiki ya pili alinifundisha kidole. Usitoboe kidole gumba cha mkulima, utavunja sindano. Chukua cha pete, mkono wa kushoto, ubavuni na si katikati. Tone la kwanza lifute. La pili liguse kioo, kisha lipake kwa ukingo wa kioo kingine, jembamba, kama mtu anayepaka siagi ambayo si yake. Liache likauke bila kulipuliza. Na wakati wote huo, alisema, usimtazame mtu usoni wala usimdanganye kwamba haiumi.

Hadubini, ambayo sote tuliiita darubini, ilikula mwanga wa jua kupitia kioo kidogo chini yake, hivyo siku za mawingu tulikaa tunakula samaki furu wa kukaanga na kungojea. Nilikuwa na jicho zuri. Kijidudu cha malale ukikiona mara moja hukisahau: kimejipinda katikati ya chembe za damu, kina utando mwembamba ubavuni. Mara ya kwanza nilipokiona nilishangilia, na Mzee Magesa akanipiga kofi la begani. "Hicho unachokishangilia ni mtu," akasema.

Na kila Ijumaa palikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, lina mifereji ndani, na kila slaidi ilikaa kwenye mfereji wake na nambari yake. Slaidi zote za vijijini, zenye vijidudu na zisizo na vijidudu, ziliingia humo pamoja na orodha ya majina. Mimi nilipanga, Mzee Magesa alikagua, kisha kifuniko kikafungwa kwa skrubu nne. Nilimuuliza linakwenda wapi.

"Dar es Salaam. Kukaguliwa kama tumesoma sawa."

"Na zikishakaguliwa?"

"Skrubu ya nne ikiingia," akasema, "kazi yako imekwisha."

Nilikubali. Nilikuwa kijana, na jibu lilikuwa na harufu ya ofisi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mpole, daktari wa utafiti, ambaye watu walimwita Bwana Kioo. Uhuru ulipokuja, picha ukutani ofisini ilibadilishwa, msumari ukabaki uleule, na Bwana Kioo akabaki pia, safari hii akiitwa mshauri. Ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwake. Sikuliona hilo kuwa la ajabu. Tulikuwa tunaimba sana miaka ile, na mtu anayeimba hakagui mifuko ya wenzake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa, na kijiji chenyewe kilikuwa mashariki ya Bunda, kule mashamba ya pamba yanapokutana na pori. Jina sitalitaja. Wajukuu wa watu wale wapo, na sijawaomba ruhusa. Walikuwa wameletwa kwa malori, mgambo wakiwa nyuma, wakapewa viwanja vilivyonyooka. Aliyepachagua mahali pale alipachagua kwenye karatasi, na kwenye karatasi mbung'o hawaumi. Mvua mbili hazijapita, watu wakaanza kusinzia mchana.

Mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye filimbi shingoni, alitupangia watu mstari mbele ya shule. Mstari wenyewe haukukamilika. Watu walikuja, wakauona, wakasimama mbali. Bibi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mstari tena?" na kila mtu mwenye mvi akaelewa.

Mimi pia nilielewa, kwa sababu mama alikuwa amenisimulia. Wakati wa Mwingereza, watu wa upande ule walihamishwa kwa nguvu kwa ajili ya malale. Nyumba zao zilichomwa wasirudi, wakawekwa kwenye makazi mapya, wakapangwa mstari, wakatobolewa, na hakuna aliyerudi kuwaambia kilichoonekana kwenye damu yao. Mzungu aliwahamisha kuwatoa kwa mbung'o, sisi tukawahamisha kuwapeleka kwa mbung'o, na mara zote mbili walipangwa mstari. Nilisimama pale na kisanduku changu cha sindano nikaona aibu, ingawa mdomoni nilikuwa natangaza manufaa ya kupimwa.

Aliyekuja kuzungumza kwa niaba yao alikuwa Mzee Makuru, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata juani.

"Hatukatai kupimwa, daktari," aliniambia. Kule kila mwenye koti jeupe ni daktari. "Tunakataa kutobolewa mbele ya watu. Damu ya mtu siyo ya kuonwaga na kila mtu. Tupe hivyo vioo. Kila mtu atajitoboa kwake ndani, asubuhi tunakuletea."

Kanuni ilikataza. Lakini nilikuwa nimechoka, jua kali, na mwenyekiti ameanza kuwatisha watu kwa filimbi. Nikakubali. Nilijitoboa mwenyewe mbele yao kuwaonyesha jinsi ya kupaka, nikawagawia slaidi na sindano, nikaandika nambari na majina. Mzee Makuru alichukua saba: yake, ya mkewe, ya wanawe wanne waliokuwa nyumbani, na ya Nyangi, mke wa mwanawe mkubwa. Huyo mwana mkubwa alikuwa ameondoka kwenda machimboni.

Asubuhi slaidi zilirudi. Nyingi zilikuwa vituko. Wengine walipaka damu nzito kama ugali, mmoja alipaka pande zote mbili. Saba za Mzee Makuru zilikuwa safi, nyembamba, kama zimepakwa na Mzee Magesa mwenyewe. Nilimsifu mbele ya watu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka kidogo kuliko kawaida ya mtu anayesifiwa.

Niliweka hadubini kwenye meza ya mwalimu, karibu na dirisha. Nilipoitazama slaidi ya Mzee Makuru niliinua kichwa, nikafuta lenzi, nikatazama tena. Chembe nyekundu ya mtu ni duara tupu, haina kiini. Hizi zilikuwa na umbo la yai, na kila moja ilikuwa na doa la zambarau katikati. Nikatazama ya mkewe. Hivyohivyo. Nikatazama za wanawe. Kaya nzima ilikuwa kuku.

Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Halafu hasira ikanipanda. Halafu, taratibu, nikaanza kuogopa, maana mtu asiyetaka kutoa damu yake angeweza kukataa tu kama wengine waliokataa. Huyu alikuwa amehangaika kumpata kuku, kumtoboa na kupaka slaidi saba kwa utulivu. Alikuwa anamficha mtu.

Nilikwenda nyumbani kwake bila mwenyekiti na bila filimbi yake. Nilimkuta anachonga mpini.

"Mzee, kuku wako ni mzima," nikamwambia. "Hana malale."

Aliweka panga chini. "Mashine inaonaga hiyo?"

"Inaona."

"Alikuwa jogoo," akasema. Kisha akaongeza: "Hiyo ni mashine kweli."

Nyuma yake, jikoni, Nyangi alikuwa ameketi mbele ya mafiga, mwiko mkononi. Uji ulikuwa unafurika unazima moto, na yeye kichwa kimeanguka kifuani. Inzi walitembea juu ya midomo yake asiwafukuze. Mama mkwe alimwita, akaamka, akakoroga mara mbili, akaanguka tena usingizini. Sikuhitaji hadubini, ingawa bila hadubini asingepewa dawa.

"Ana siku ngapi hivi?"

"Tangu tupalilie pamba."

"Mzee, huyu atakufa. Na wewe unajua."

"Najua malale kuliko wewe," akanijibu, na sasa alikuwa na hasira. "Kaka yangu mkubwa, Marwa, walimtoboa kidole, wakasema anayo. Wakampakia kwenye gari la Musoma. Mama akamfungia viazi vya njiani. Hakurudi. Hakuna mtu alikuja kusema amekufa, wala amepona, wala amezikwa wapi. Damu yao wanaandikaga kwa vitabu, mtu mwenyewe anapotea. Mimi dawa sikatai, mwanangu. Nakataa kutoa kitu kisichorudi."

Nilimwambia wale walikuwa wakoloni na sisi ni serikali yake mwenyewe. Alinitazama, kisha akatazama mstari wa nyumba zilizonyooka. Nikabadilisha maneno. Nikamwambia Nyangi nitampeleka mimi na nitamrudisha mimi.

"Na damu yake?"

"Inapimwa, basi."

"Apa kwamba haivuki kwenda kwa Wazungu."

Nikaapa kwa mama yangu mzazi. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa. Nilidhani ninajua sanduku linakwenda wapi.

Siku hiyo nilitoboa watu saba wa kaya ile upya, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Vijidudu vya Nyangi nilivikuta kabla sijamaliza mstari wa kwanza wa slaidi. Sita wengine hawakuwa navyo. Kwenye Landrova, mama mkwe alimfungia viazi, akanitazama mimi wakati anafunga.

Ilibaki shida ya jogoo. Slaidi zile saba za kwanza zilikuwa na nambari, na nambari haiwezi kukosekana kwenye daftari. Kama ningeandika ukweli, Mzee Makuru angepelekwa kwa mgambo kwa kudanganya serikali. Nikaziacha na majina yao. Mbele ya kila jina nikaandika: hana vijidudu. Halikuwa neno la uongo. Jogoo hakuwa navyo. Zile za pili nikaziandika chini kwa tarehe ya siku iliyofuata, zote kumi na nne zikaingia kwenye sanduku la Ijumaa, na skrubu ya nne nikaifunga mwenyewe.

Nyangi alikaa hospitalini wiki nyingi. Dawa ile ilikuwa kali, na palikuwa na siku ambazo nilipita wodini kabla ya kazi nikiogopa kukuta kitanda kimetandikwa. Alipona. Nilimrudisha kama nilivyosema. Mzee Makuru hakumkaribia mpaka alipomsikia akimgombeza mtoto aliyepita na matope jikoni. "Ni yeye," akasema, ndipo akanishika mkono. Nikamweleza kwamba ugonjwa ule hujificha, na Nyangi lazima apimwe kila baada ya miezi kadhaa kwa miaka miwili. Wakikosa kupima, unaweza kurudi kichwani, na ukirudi hauna mchezo. Wakakubali, kwa sababu ya kiapo changu.

Haukupita muda mrefu, dereva akaugua Ijumaa, nikaambiwa nilipeleke sanduku mwenyewe kwenye uwanja wa ndege wa Musoma. Miaka yote ile sikuwahi kuliona likiwa limebandikwa karatasi. Bwana Kioo alilibandika mwenyewe baada yetu. Nililiweka kwenye mapaja yangu ndani ya gari na kusoma. Dar es Salaam ilikuwepo, ndiyo, kama mahali pa kubadilisha ndege. Anwani yenyewe ilikuwa ya mji wa Ulaya, chumba cha kuhifadhi vitu, idara ambayo jina lake lilijaza mistari mitatu.

Nilirudi nikamuuliza. Hakukasirika. Alifurahi kwamba nimependa kujua. Akanifungulia stoo, akanionyesha nakala za orodha za tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, zimefungwa kwa kamba, zimepangwa vizuri sana. Zote zilikuwa huko, alisema, salama, kwa ajili ya elimu. Nikamuuliza kama wenye damu waliambiwa. Alitafakari kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kama mawe yaliambiwa wakati wa kujenga nyumba.

Alinipa ruhusa ya kuzisoma, nami nikamtafuta Marwa wa kwao Makuru. Kina Marwa mkoa huu ni wengi. Nilikuta watatu ambao wangeweza kuwa yeye. Wote watatu walikuwa na nambari ya slaidi, tarehe ya kutobolewa, jina la meli na nambari ya kabati lililowapokea. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kama alipona au alikufa. Damu ilikuwa imeandikiwa safari yake yote, na mwenye damu aliishia Musoma bila nukta. Nilikaa kwenye sakafu ya stoo nikalia. Sioni haya kulisema.

Mzee Magesa alinikuta hapo. Nilimuuliza alijua tangu lini. "Nyamaza," akaniambia. "Ukienda kusema, kijiji kizima hakitatoa kidole tena. Malale yatawamaliza, na Nyangi wa kwanza. Unataka kuwa mkweli au unataka wapone?" Lilikuwa swali zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri sana niliona alikuwa nalo tayari siku nyingi. Nilimpenda yule mzee, na mpaka leo naamini alijua.

Siku ya kumpima Nyangi ilipofika nilikuwa sijaamua. Nilifika na sindano na slaidi mfukoni, na, ingawa kanuni haikuruhusu kuitoa kwa ajili ya mtu mmoja, nilikuwa nimebeba na hadubini. Mzee Makuru alinipa kigoda. Nyangi alitoka na mkono wake wa kushoto umeshanyooshwa, anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonishinda. Nikawaambia yote: sanduku, anwani, kwamba niliapa uongo bila kujua, na kwamba damu ya Nyangi ya siku ile iko Ulaya.

Nyangi alirudisha mkono. Kuku walipita kati yetu wakipekua makapi, na nadhani ndio waliomkumbusha Mzee Makuru.

"Na zile saba?" akauliza. "Za kwanza?"

"Zilikwenda."

"Na jina langu?"

"Na jina lako. Mkulima, mwanamume, hana vijidudu."

Alianza kucheka tumboni, kimyakimya, kisha akashindwa kujizuia, akashika magoti. "Nyangi, umesikia? Mama! Njoo! Wazungu wamefungia jogoo kabatini! Wanasema ni mimi!" Mkewe alitoka, akaelezwa, akaketi chini kwa kicheko. Nilicheka na mimi, machozi yananitoka, sijui ya upande upi.

Kisha Mzee Makuru akafuta macho. "Na Marwa?"

Nikamwambia kuhusu watatu wale, na kwamba hakuna kilichoandikwa mbele. Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amengojea jibu hilo kwa umri wangu wote, na nililomletea lilikuwa nambari ya kabati. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unaenda wapi?" Nyangi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Aliyekuwa analala ni mimi. Kama kiko kichwani nataka kujua. Toboa. Lakini soma hapahapa, na hicho kioo hakitoki uani kwangu."

Nilisomea juu ya kinu kilichopinduliwa, nikigeuza kioo kulifuata jua. Nilisoma mara mbili. Hakuwa navyo. Nikamwambia aweke jicho, akaona damu yake, akauliza kama ni hiyo tu, nikasema ni hiyo tu. Kisha nikaosha slaidi kwa sabuni kwenye bakuli lake, kama nilivyofundishwa wiki ya kwanza, nikaipangusa, nikampa ainyanyue juani aone kama imebaki alama. Maji yale aliyamwaga mwenyewe, kwenye msingi wa nyumba yake, upande wa ndani.

Habari ilitembea. Kufikia jioni ile watu waliokuwa wamekataa tangu mwanzo walikuwa wamekuja na mabakuli yao. Kuanzia hapo, popote nilipopima upande ule, nilisoma palepale na kuosha palepale. Slaidi zangu zikaanza kupungua kwenye sanduku. Bwana Kioo aliponiuliza, nilimwambia zimevunjika. Zilivunjika nyingi sana, mpaka nikaandikiwa barua ya onyo kwa uzembe na kukosa umakini kazini. Barua hiyo ninayo. Ndiyo karatasi pekee ya serikali niliyoiweka kwenye fremu, na wageni hudhani ni cheti.

Sasa nimalizie na barua nyingine, iliyonifikia wiki chache baada ya zile soda na keki. Imetoka Ulaya, kwenye anwani ya mistari mitatu. Ameandika mtunza kumbukumbu, na ameandika kwa adabu sana. Anasema wanapanga upya nakala za orodha alizowatumia Bwana Kioo, na wamekuta kaya moja ya mashariki ya Bunda ambayo watu wake saba walipimwa siku moja wakawa hawana vijidudu, kisha siku iliyofuata mmoja wao akaonekana anavyo vingi. Wakubwa wake wanafikiri huenda ukoo huo una kitu katika damu, kitu cha kuficha vijidudu, chenye faida kubwa kwa elimu. Slaidi zenyewe hawajazitazama bado. Sanduku, anasema, halijawahi kufunguliwa. Anaomba niwasaidie kuwapata wajukuu wa Bwana Makuru, ili watafiti wao waje kuwachukua damu.

Nilisoma mara tatu ile sentensi ya sanduku. Miaka yote hiyo, na skrubu yangu ya nne bado iko palepale nilipoikaza.

Mzee Makuru alikwishafariki. Nikapanda gari mpaka Bunda, nikaazima baiskeli, nikaenda kumsomea Nyangi ile barua. Sasa ni bibi wa watu, jikoni kwake kuna wajukuu wengi na makelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya magoti, akaniomba nirudie pale kwenye neno la elimu. Nikarudia. Akageuka, akatazama uani kwake.

"Waandikie waje," akasema. "Kuku wapo."